Ungo Haukusema Kitu

Wiki tatu zilizopita Elisha, mwenyekiti wa kamati ya vijana wa kijiji, alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimsahihishie maneno. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na tangu nistaafu kila mwenye barua ya posa, risala ya harusi au malalamiko kwa diwani hunijia akidhani sina kazi nyingine. Karatasi ile ilikuwa ya kibao. Wanataka kusimamisha kibao chini ya Ungo, lile sinia kubwa la kituo cha simu za setilaiti kilichozimwa zamani, wapande maua, wajenge viti vya saruji, ili wageni wanaopita kwenda kutazama michoro ya mapangoni ya Kolo wasimame hapa wapige picha. Hilo sina ugomvi nalo. Kilichonipandisha presha ni maneno yenyewe: "Karibu Ungoni. Hapa ndipo mtambo wa setilaiti ulipotabiri mvua, ukawapa wananchi mbegu na kuwaokoa na njaa." Nilimwuliza habari hizo kazitoa wapi. "Ah, Mwalimu, si kila mtu anajua?" Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, "Yule fundi wa zamani wa pale amefariki huko Kolo. Tumepata namba ya binti yake, tumemwalika kwenye uzinduzi." Akaenda zake. Nilibaki na karatasi mkononi mpaka chai ikapoa, nimemkasirikia Elisha, ambaye hana kosa, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia mtoto wa watu kuliko kujikasirikia mwenyewe.

Kila mtu anajua! Hapa kwetu kila mtu anajua kila kitu. Kijiji hiki kina jina lake, walilotuachia wazee, limo kwenye ramani na kwenye mhuri wa mtendaji, lakini hakuna anayelitumia. Ukipanda gari Dodoma mjini unasema, "Nishushe Ungoni." Ukiuliza nyumba ya mtu unaambiwa, "Uache Ungo mkono wa kulia, ukifika kwenye shamba la zabibu uulize tena." Watu hawajui kituo kile kilikuwa cha nini. Vijana wanadhani ni cha redio, wengine cha jeshi, na mama mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ndicho kinacholeta mtandao wa simu, ilhali mtambo umekufa hata kabla yeye hajazaliwa na mtandao wake unatoka kwenye mnara ulioko nyuma ya jiko lake. Mbuzi wanajikinga jua pale chini. Wagombea wa uchaguzi wanahutubia pale. Na mpaka leo, mawingu yakichelewa, utawaona watu wazima wenye akili zao wakiinua macho kuutazama, kana kwamba lile bati litawajibu. Nimechoka kuwaambia. Nimechoka zaidi kwa sababu naijua chemchemi ya upuuzi huo: ni mdomo wangu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Fundi Rajabu alifukuzwa kazi kwa wizi ambao hakuufanya, na mtu pekee pale kijijini aliyejua alikuwa wapi siku tatu za wizi huo nilikuwa mimi, nami nilisema sijui. Hiyo ndiyo historia ya Ungo. Nyingine zote ni mapambo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina msaada hapa. Inatosha kusema niliishi na Shangazi Mbeleje, dada wa baba, na kwamba nilikuwa mpishi wa kituo. Jiko la kituo lilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuingia. Lilikuwa na vigae vyeupe mpaka usawa wa kifua, sinki mbili, jiko la gesi la plati nne, na dirisha pana ambalo kupitia kwake niliuona Ungo wote, umeinama kidogo kutazama mashariki, mkubwa kiasi kwamba kivuli chake cha asubuhi kilifika kwenye uzio. Wahandisi walikuwa saba. Walikula wali, nyama na kachumbari, na mlenda wetu waliuita gundi. Walipokula walizungumza mambo yao juu ya kichwa changu, mawimbi na masafa na simu za Ulaya, nami nilisimama na bakuli la mchuzi nikimeza kila neno bila kuelewa hata moja. Nilichokielewa ni kwamba nikirudi nyumbani jioni watu waliniuliza, "Leo wamesemaje huko?" na kwamba nilipojibu walininyamazia wanisikilize. Msichana wa miaka kumi na tisa akinyamaziwa na watu wazima analewa kuliko mnywa pombe ya mtama.

Mwaka ule kituo kikazimwa. Walisema kuna njia mpya ya kupitisha simu na sisi hatuhitajiki tena. Wahandisi sita wakapakia magodoro na redio zao kwenye lori wakaenda Dar es Salaam, walinzi wakaachishwa, na pale akabaki Fundi Rajabu peke yake, aangalie mali ya serikali mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Nami nikabaki, kwa sababu barua ya kumwachisha kazi mpishi ilisahauliwa. Kwa mwaka mzima nilimpikia mtu mmoja kwenye jiko la watu ishirini. Na alikuwa mtu wa kuchosha, Mungu amrehemu! Chai saa nne kamili. Ikiwa saa nne na dakika tatu, aliitazama saa, akanitazama mimi, akainywa kimya kwa namna iliyofanya nitamani kuimwaga. Alikuwa Mrangi wa Kolo, mwembamba, swala tano, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, na ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi siku nyingine zote. Kila asubuhi alizunguka mtambo uliokufa na kopo la grisi akapaka vyuma, akarudi kwenye chumba cha mitambo ambako hakuna taa hata moja iliyowaka, akakaa mbele ya daftari kubwa la kituo akaandika. Kila neno lililoingia kwa simu ya upepo kutoka makao makuu, kila neno lililotoka, saa ngapi, nani kasema, nani kapokea. Siku ambazo hakuna aliyesema kitu aliandika kwamba hakuna aliyesema kitu.

"Fundi," nilimwuliza siku moja, "unamwandikia nani?"

"Binti, neno likitoka kwa jina la kituo ni la kituo. Lazima lijulikane limetoka, ili kituo kiweze kulijibia."

"Na kituo kimekufa."

"Kituo kimezimwa," alisema. "Na hii chai haina tangawizi."

Mwisho wa Novemba, joto likiwa la kuchubua ngozi na ng'ombe wakitembea mbali kila siku kutafuta maji, makao makuu waliita kwa simu ya upepo. Nilikuwa naosha vyombo na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia sauti ikikwaruza kwamba Ungo uegeshwe, utazamishwe juu, moja kwa moja, kabla ya msimu wa mvua. Fundi akarudia maneno yote polepole, kama ilivyokuwa desturi yake, akaandika. Baadaye nilikuja kujua sababu: ungo mkubwa ukiachwa umeinama, upepo wa mvua unaweza kuung'oa, ukilala chali, upepo unapita. Ni hilo tu. Ni sawa na kulaza ngazi chini ili isiangukie watu. Siku ya pili Fundi akawasha jenereta, na Ungo, ambao kijiji kizima hakijawahi kuuona ukisogea zaidi ya unyayo, ukaanza kuinuka. Ulilia. Mlio ule ulifika mpaka malambo ya mbali. Watu waliacha majembe, watoto wakakimbia kutoka shuleni na mwalimu nyuma yao, na kwa saa nzima kijiji kikasimama kwenye uzio kikitazama lile sinia likigeuza uso kuelekea mbinguni. Lilipotulia, kila mtu akaniangalia mimi.

Shangazi ndiye aliyeuliza. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, yeye anachambua ubuyu, majirani wanne au watano wamekuja na vigoda vyao kwa kisingizio cha kuomba moto. "Mwanangu, wameugeuza wa nini?" Ningeweza kusema sijui. Neno hilo nilikuja kulitumia baadaye, mahali pasipostahili. Siku ile, lilipostahili, halikuja. Nilisema, "Mvua inakaribia. Makao makuu wamepiga simu. Wameambiwa ule uso utazame juu kwa sababu ya mvua." Na hapo ningenyamaza, ingekuwa nusu ya uongo. Lakini walikuwa wamenyamaza wote, ubuyu umesimama mkononi mwa Shangazi, nikaongeza, "Wiki hii haiishi."

"Nani kasema?" aliuliza mzee mmoja.

"Kituo kimesema."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mjini hatalijua. Sisi tunapanda mavumbini. Hatusubiri mvua, kwa sababu mvua yetu ni fupi na ukisubiri umechelewa. Unafukia uwele kwenye ardhi kavu mwishoni mwa Novemba na kuomba. Lakini Shangazi, kama mama yake na bibi yake, alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mbegu ya vumbi na mbegu ya tope. Kibuyu kimoja unakipanda kwenye vumbi. Kibuyu cha pili, chenye majivu juu ili wadudu wasiingie, hakiguswi hata mtoto akilia njaa, mpaka mvua ya kweli ishike. Mvua ya kwanza ikidanganya, una cha kurudishia. Watu wamekula mizizi na kibuyu cha pili kinawatazama juu ya dari. Msimu uliotangulia mvua zilikuwa mbaya, mavuno yalikuwa haba, na Shangazi alitaka kupanda eneo kubwa kufidia. Alinitazama. "Kituo kimesema kweli?" Nikasema kweli. Akapanda juu ya dari mwenyewe, na magoti yake yale, akateremsha kibuyu cha pili. Majirani walipomwona Mbeleje anateremsha mbegu ya tope, nao wakaenda kuteremsha zao.

Siku ya tisa ikanyesha. Siku ya tisa, tena si mvua, ni manyunyu, yaliyotuliza vumbi tu, na watu wakapiga vigelegele, wakaja kunishika mkono. Nilipokea pongezi zile kwa uso mkavu. Mbegu zikaota. Kwa siku tano mashamba yalikuwa na nywele za kijani, ukiinama unaona. Halafu jua likarudi. Sitaki kulieleza jua lile kwa ufundi wa maneno. Lilikausha kila kitu, na wiki mbili baadaye ukivuta mche ulikatika mkononi kama uzi mkavu. Shangazi hakunigombeza. Alitembea mstari kwa mstari shambani kwa siku mbili, akiomboleza peke yake kwa Kigogo, "Yaya gwe, yaya gwe," na jioni ya siku ya pili aliketi mezani, ugali mbele yake, akasema, "Mwaka huu nitakwenda kuhemea." Kwenda kuhemea ni kwenda kutafuta chakula kwenye vijiji vya watu, na kwa mwanamke wa umri wake maana yake ni kulima shamba la mtu mwingine kwa kikapu cha nafaka. Nilikula ugali ule wote. Nakumbuka vizuri kwamba niliumaliza, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Mwanzoni mwa Januari, Mungu naye akaamua kutania: mvua ya kweli ikaja, nzito, siku tatu mfululizo, ardhi ikalainika vizuri na hakuna mwenye mbegu. Hapo ndipo watu walipokwenda kituoni. Nilikuwa jikoni nikaona kupitia dirishani, watu kama thelathini getini, matope mpaka magotini, Shangazi hayumo. Fundi Rajabu akatoka na ovaroli yake iliyopigwa pasi, akawasalimu, wenye mvi akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, jambo lililochukua muda na kuwachanganya wale waliokuja kwa ghadhabu.

"Mtambo wako umetudanganya," alisema yule mzee aliyeniuliza nani kasema.

"Mtambo wangu umezimwa, mzee wangu. Hauna hata umeme wa kudanganyia."

"Mpwa wa Mbeleje alisema kituo kimesema! Wiki haiishi! Tukapanda mpaka mbegu ya tope!"

Fundi akageuka akatazama dirisha la jiko. Nilikuwa nimeshika mwiko. Alinitazama kwa muda uleule aliokuwa akiutazama mshale wa saa chai inapochelewa, kisha akawageukia watu. Nilijua anakwenda kusema nini, kwa sababu hakuwa mtu wa kumficha mtu. Nilishaanza kukaza kanga kiunoni ili nikimbie kwa mlango wa nyuma.

"Kama limesemwa kwa jina la kituo," alisema, "ni la kituo. Nipeni siku tatu."

Walipoondoka aliingia jikoni. Sijawahi kugombezwa vile tena, wala na mwalimu mkuu, wala na marehemu mume wangu. Hakupaza sauti hata kidogo. Aliniuliza nani alinituma, saa ngapi, maneno gani hasa, na kila nilipojibu aliandika, yaani aliandika kweli, kwenye lile daftari, huku mimi nalia. Aliandika kwamba ujumbe wa uongo ulitoka kituoni kupitia kwa mpishi. Kisha akaandika kwamba anaondoka kwenda Kolo kwa mama yake kufuata mbegu za uwele. Akanipa funguo. "Shangazi yako aje mlale wote hapa kituoni mpaka nirudi. Usiache geti hata dakika moja. Umenisikia?" Nikasema nimemsikia. Akanyoosha kola, akatoka barabarani kungoja lori la kupitia Haneti kwenda Kolo.

Nilikaa kituoni siku ile moja. Siku ya pili Shangazi alikuwa shambani peke yake anapalilia magugu, kwa sababu mbegu zikija lazima zikute shamba safi, na majani yalikuwa yanakimbia kuliko jembe lake. Nilifunga geti mchana nikaenda kumsaidia. Tulichoka, tukala mlenda na ugali, tukalala kwetu. Asubuhi nilipofungua geti nilikuta mtaro wa nyaya umefukuliwa kutoka mguu wa Ungo mpaka ukutani. Nyaya nene za shaba zilikuwa zimekatwa kwa shoka na kuondolewa, na mahali pake palibaki maji ya mvua. Mpaka leo sijui ni nani, na kusema kweli sijali sana. Nilirudisha udongo kwa mikono yangu, nikaona ninafanya ujinga, nikaacha.

Fundi alifika jioni juu ya lori na magunia mawili. Mama yake na majirani zake Kolo walikuwa wametoa kibakuli kibakuli, uwele wa muda mfupi, safi, umepepetwa. Alitazama mtaro. Akatazama magunia. Akasema, "Kwanza peleka hizi kwa shangazi yako azigawe, ardhi inakauka. Waambie ni za kituo." Nikapeleka, nikawaambia ni za kituo, na watu wakapanda kesho yake. Hivyo ndivyo Ungo ulivyotoa mbegu. Mavuno hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo, Shangazi hakwenda kuhemea, na katika vinywa vya watu kipande cha uongo wangu, manyunyu ya siku ya tisa na magunia ya Kolo vikasukwa pamoja vikawa muujiza mmoja. Fundi mwenyewe ndiye aliyeripoti wizi makao makuu, kwa simu ya upepo, neno kwa neno, na saa.

Walikuja wawili kutoka makao makuu, meneja na msaidizi wake, wakakaa kituoni siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo waliitumia kula kuku niliyempika. Hawakuvuka geti kwenda kijijini. Hawakumwuliza mtu mwingine. Fundi aliwaeleza kila kitu, akawafungulia daftari. Meneja akasema daftari aliliandika mwenyewe, hivyo si ushahidi, na ni fundi gani wa serikali anaacha kituo kwenda kununua uwele. "Sikununua," alisema Fundi, "nimepewa na mama yangu." Wakacheka. Kisha wakaniita, nikasimama mbele yao na aproni. Sasa, wiki ileile nilikuwa na fomu ya chuo cha ualimu, na fomu ile ilitaka saini ya mwajiri kwamba mwombaji ni mwaminifu na mwenye tabia njema. Nilikuwa nimeiweka mezani mbele ya meneja pamoja na kuku. Ilikuwa pale, haijasainiwa, imewekewa kalamu juu.

"Binti, huyu alikwenda wapi siku hizo tatu?"

Ningesema Kolo, angeuliza kufuata nini. Ningesema mbegu, angeuliza kwa nini. Na jibu la hiyo kwa nini lilikuwa mimi, na baada ya mimi ingekuja habari ya geti nililoliacha. Nilitazama kalamu.

"Sijui, bwana. Mimi ni mpishi tu."

Fundi hakuinua kichwa. Meneja akachukua kalamu, akasaini fomu yangu kana kwamba anasaini risiti ya kuku, na alasiri wakamwambia Fundi Rajabu akusanye vitu vyake. Vilikuwa vichache. Nilimkuta anafunga ovaroli kwenye gazeti. Nilitaka kusema neno, nikasema, "Fundi, nikuwekee chakula cha njiani?" Aliniuliza, "Fomu yako ameisaini?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," alisema, na nilichunguza sauti yake kutafuta kejeli na sikuiona. "Nenda kasome, basi."

Nikaenda nikasoma. Nikawafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo wasiseme uongo, nikawachapa kwa kusema uongo, na kila barua niliyoianza kwa "Ndugu Fundi Rajabu" nikaiwashia jiko. Mara moja niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Kolo kuona michoro ya mapangoni. Niliwaeleza kwa kirefu habari za watu waliokufa tangu zama za kale, na mtu aliye hai, ambaye nyumba yake ningeelekezwa na muuza nyanya yeyote, nikamwogopa. Nilikaa ndani ya gari watoto walipokwenda kunywa maji. Shangazi naye alikufa akijua mbegu ni za kituo. Ukiniuliza nilikuwa nasubiri nini, nadhani nilikuwa nasubiri iwe rahisi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi iliyopita. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitenge, mtendaji amevaa suti, ngoma, viti vya plastiki vya kukodi, na Elisha akizunguka na simu yake anapiga picha kila mtu. Maneno ya kibao nilikuwa nimemrudishia, nimeyafuta yote kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake kwamba kituo kilizimwa, kilitunzwa na fundi mmoja mwaminifu, na hakikuwahi kutabiri chochote. Alikuwa ameniambia kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo, lakini hiyo haina mvuto," akachapa yake. Nilipewa dakika tano kama mfanyakazi wa mwisho wa kituo aliye hai. Nikasimama. Nikasema yote. Nilisema ni mimi niliyetunga habari ya mvua, mimi niliyeacha geti, mimi niliyesema sijui. Nilitaja jina kamili la Fundi Rajabu. Na watu wa kijiji changu, watu ambao nimewafundisha kusoma, wakacheka pale pa chai kuchelewa, wakasikitika pale pa mche kukatika, na nilipomaliza wakapiga makofi! Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema, "Mnamwona Mwalimu wetu alivyo mnyenyekevu? Hataki hata sifa za kuleta mvua!" Kitenge kikavutwa, na hapo chini ya jua kikasomeka "ulipotabiri mvua", kwa herufi za dhahabu. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na hasira, soda sikuifungua.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye baibui, alikuja akavuta kiti akakaa mbele yangu. Hakuwa amepiga makofi; nilikuwa nimemwona. "Shikamoo," alisema. "Mimi ni Zuhura, binti wa Rajabu." Nikaitika marahaba. Alikuwa na macho yaleyale ya kutazama saa.

"Ulichosema pale mbele ni hadithi, au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo baba hakuiba?"

"Hakuiba. Alikuwa Kolo kwa bibi yako. Alikwenda kufuata mbegu za kuturudishia sisi."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana, au anizabe kofi mbele ya watu, ingekuwa nimepata cha kubeba. "Bibi alisema hivyo," alisema. "Alisema mpaka anakufa, kwamba mwanawe alikuja kwake, na kwamba yeye ndiye aliyemfungia magunia. Watu walisema mama gani hamtetei mwanawe. Sisi tumekua tukiitwa watoto wa shaba. Baba hakujibu, alisema lipo kwenye daftari. Mama ndiye aliyekuwa anajibu, sokoni, kisimani, kila mahali, na hakuwa na kitu cha kujibia. Mwishoni hata yeye akaanza kumwuliza baba."

Elisha alikuwa anatuita kwa mikono miwili tuje kwenye picha ya pamoja. Hakuna kati yetu aliyesogea.

"Mama yuko edani," Zuhura alisema, akisimama. "Hatoki, ndiyo maana nimekuja mimi. Kila siku wanawake wanaingia kumpa pole, wanasema marehemu alikuwa mtu mzuri, na mama anawatazama tu. Gari nililokuja nalo linarudi sasa hivi. Utakwenda kumwambia."

Nilisema nguo nilizovaa si za kwenda msibani. Nilisema nipite nyumbani nifunge mlango, nichukue dawa ya presha, niwaage watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na utasema mwenyewe," aliniambia. "Mimi sitakuongezea hata neno moja."

Nikaomba kanga kwa jirani, nikajifunika kichwa, nikamfuata.